Twendeni maonesho ya harusi, ila advansi ibaki nyumbani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme kitu kuhusu haya maonesho ya harusi, maana msimu ndo huo unakuja, Pasaka ikishapita kila Jumamosi Dar ni misafara na matarumbeta mpaka Desemba, na vijana wengi saa hizi wako kwenye kupanga. Nimesoma kwenye ukurasa huuhuu wa barua msomaji mmoja akisema maonesho haya ni ya watu wenye hela zao, yanawaharibu mabinti zetu, yafutwe tu. Mimi sikubaliani nae. Mimi ni mtu wa kamati, kwenye ukoo wetu harusi ikitajwa daftari la hazina linaletwa kwangu, na maonesho nayapenda, mabinti nawapeleka mwenyewe. Ila kuna jambo moja linafanyika mle ndani linaumiza familia nyingi na linaweza kukomeshwa kirahisi kabisa, nalo ni kupokea advansi, yaani malipo ya awali, ya maharusi palepale kwenye banda.

Nianze na uzuri wake nisije nikaeleweka vibaya. Mtu anaepanga harusi hapa Dar bila maonesho anazunguka mno. Suti anaambiwa aende Kariakoo, shela Sinza, mpambaji yuko Kinondoni, mpishi Tabata, ukumbi mzuri upo Mbezi Beach, na wote hao unawafuata Jumamosi tu kwasababu siku za kazi huna muda, na ukipiga simu unaambiwa njoo ofisini dada tutaongea, bei hakuna anaetaka kuitaja. Mwezi unaisha umeonana na watu watatu na umekaa kwenye foleni mpaka umechoka na ndoa yenyewe. Kwenye maonesho wote wamepangwa banda kwa banda, unamuuliza huyu, unasogea hatua tano unamuuliza jirani yake kitu hichohicho, na bei zinaanza kushuka zenyewe kwasababu kila mmoja anajua mwenzie anasikia. Waliowahi kwenda Harusi Trade Fair pale Diamond Jubilee, ile ya kina Mustafa Hassanali mbunifu wa mavazi, wanajua ninachosema, na Nairobi wenzetu wana ya kwao pale Sarit Centre, Westlands. Kitu ni kizuri, tusikitupe.

Chukua shela tu. Binti akiangalia kwenye simu anaona nyeupe, kumbe kuna nyeupe ya maziwa, kuna krimu, kuna ile nyeupe inayovuta kwenye bluu, na chini ya taa za ukumbini zote zinafanana. Nikiwa na binti namwambia omba wakutolee hapo mlangoni uione kwa jua. Wenye roho nzuri wanakubali, na hapo ndo unaona lesi imefubaa kwapani na pindo la chini lina kivuli cha udongo ambao umefuliwa ukagoma kutoka, yaani shela imeshaburuzwa kwenye kumbi nyingi tu. Sio dhambi, shela ya kukodi ni ya kukodi, ila bei yake isiwe ya mpya. Alafu guseni kitambaa. Satini nzito na lesi tabaka tatu kwenye picha inapendeza sana, lakini weka kanisani saa nane mchana, Desemba, Dar, joto lile, feni inazungusha hewa ya moto, bibi harusi analoa mgongo mzima kabla padri hajafika kwenye viapo. Hayo huwezi kuyajua mpaka uivae, uinue mikono, ukae kwenye kiti, ucheze kidogo na matroni wako pembeni anaangalia zipu. Hapo maonesho yanakusaidia kuliko kukesha Instagram wiki nzima.

Keki nazo mjue zile ndefu za ngazi sita zinazowekwa mezani nyingi ni povu gumu limepakwa sukari kwa juu, hakuna keki ndani, na hakuna ubaya maana keki ya kweli haiwezi kukaa kwenye joto siku mbili, ila msiamue kwa macho. Ombeni kipande muonje, mkinyimwa nendeni banda linalofuata. Na sisi Wachaga keki yetu ni ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, na mpaka leo sijaiona kwenye banda lolote, waandaaji wangeiweka wangejaza watu.

Sasa jambo lenyewe. Maonesho haya yanaendeshwa kama Sabasaba, muziki juu, ofa, mtu wa kipaza sauti anatangaza kumi wa kwanza kulipia wana punguzo, watu wanakimbilia. Lakini Sabasaba ukilipia sufuria unaondoka nayo kwapani. Hapa unalipia mwezi wa tatu kitu ambacho utakiona mwezi wa kumi na moja. Unachouziwa ni ahadi, ahadi ya mtu ambae hujafika ofisini kwake, hujaona kazi yake kwenye ukumbi wako, wakati mwingine huo ukumbi wenyewe hujaupata. Na hela inayohusika sio ya hawa wawili peke yao, ndo hapo panaponiuma.

Harusi zetu nyingi hela ni ya michango, tunajuana. Familia inakaa, kamati inaundwa, mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kamati ndogo ya chakula, ya vinywaji, ya mapambo, ya usafiri, kadi zinachapishwa, singo ya mtu mmoja kiasi hiki, dabo ya wawili kiasi hiki, grupu la WhatsApp linafunguliwa na kila jioni katibu anabandika orodha ya walioahidi na walioleta. Orodha hiyo ndo bajeti yetu. Na yeyote aliyewahi kushika daftari anajua ahadi sio hela, mtu anaahidi laki mbili kikao cha kwanza akiwa na furaha, mwezi wa mwisho anakuletea hamsini anakuomba radhi mambo yamekaza, na unaipokea kwa mikono miwili maana nae hakulazimishwa na mtu. Kwahiyo mweka hazina makini hapangi matumizi kwa ahadi, anapanga kwa kilichoingia benki na kwenye M-Pesa. Kwanza ukumbi, maana bila ukumbi hakuna tarehe, chakula kinafuata, vinywaji, usafiri, na mapambo yanakuja baadae yanapewa kilichobaki. Hata sherehe ya kuvunja kamati, ile ya wanakamati kuagana baada ya harusi, inabakishiwa kidogo chake. Ndo utaratibu wetu na umetuvusha harusi nyingi bila kubaki na deni kwa mtu.

Maonesho yanaupindua utaratibu huu. Maharusi wanaenda wawili, miezi nane kabla, kamati haijakaa hata kikao kimoja, wanatoka wameshalipia mapambo na mpiga picha. Kamati ikikaa inakuta imeshapangiwa.

Nitoe mfano wa nyumbani. Mtoto wa kaka yangu alienda na mchumba wake kwenye maonesho fulani, sitayataja na wala sio hayo niliyoyataja hapo juu. Kwenye banda la mpambaji mmoja wakakuta meza ya watu kumi imeandaliwa, kitambaa rangi ya pichi mpaka chini, waridi halisi zile zinazotoka Arusha, glasi za shingo ndefu, vinara vya mishumaa, kadi yenye jina juu ya kila sahani. Meza inawaka. Mama wa banda anaongea kwa upole kabisa, bibi harusi wangu njoo ukae, shemeji yangu na wewe kaa hapa tuwaone, wakakaa, wakapigwa picha, wakaambiwa ofa ni ya leo tu na kwa tarehe yao imebaki nafasi moja. Wakalipa milioni moja. Hiyo milioni ilikuwa ya pango la nyumba wanayoenda kuanzia maisha. Wakapewa karatasi ndogo imeandikwa kwa mkono, jina, kiasi, na neno mapambo, basi. Mapambo ya nini, meza ngapi, maua halisi au ya plastiki, meza kuu imo au haimo, njia ya kuingilia maharusi imo au haimo, hakuna kitu.

Kamati ilipokaa tukapata ukumbi, na ule ukumbi una wapambaji wake, ukitaka kuleta wa nje unalipa ada. Tukaenda kwa yule mama mimi na mwenyekiti wetu, kaka yangu mkubwa, mtu mzima wa heshima zake. Tukamuuliza dada, ile meza ya kwenye maonesho ni shilingi ngapi meza moja. Akazunguka zunguka akasema laki na nusu kwasababu ya maua. Wageni wetu 300, meza 30, hapo ni milioni nne na nusu kabla hujagusa meza kuu, jukwaa, dari na mlangoni, na kamati ilikuwa imetenga milioni mbili na nusu kwa kila kitu kinachoitwa pambo. Tukamwomba arudishe hata nusu. Akatugeuzia ile karatasi, nyuma kuna muhuri wa maandishi madogo kwamba advansi hairudi. Kaka yangu alinyamaza, akavaa miwani, akausoma ule muhuri mara ya pili, akasema sawa mama tumeelewa.

Mwisho tukakubaliana ile milioni aifanyie mapambo ya kanisani na gari la maharusi. Kazi aliifanya vizuri, lazima niseme ukweli, mabenchi yalipendeza na mbele altareni palipendeza. Lakini kanisa na gari sisi tulikuwa tumevipangia laki nne, na kamati ikabidi imrudishie kijana hela yake ya pango maana mwenye nyumba hasubiri mtu aoe kwanza. Laki sita zilizozidi ndo zilikuwa za basi la kuwaleta wazee kutoka Moshi. Wazee walikuja kwa nauli zao, bibi yake kijana akiwemo na miguu yake ile, na hakuna aliyesema neno, ila daftari lilikuwa mkononi mwangu na mstari wa usafiri niliufuta mimi. Ndo maana naandika barua hii.

Watu watasema vijana wawe makini. Jamani, kijana wa miaka 27 ambae hajawahi kukaa kamati hata moja atajulia wapi. Angalia kumbi zinavyotangaza bei. Kwenye banda imeandikwa kubwa bei ya sahani, tuseme 35,000 kwa mtu, kwa watu 300 unapata 10,500,000, unaona inawezekana. Uliza kama VAT imo. Mara nyingi haimo, ongeza asilimia 18, ni 1,890,000 hiyo, sasa uko 12,390,000. Na bado hujauliza umeme ukikatika jenereta ni la nani na mafuta anaweka nani, mwisho wa kukaa ukumbini ni saa ngapi na ukizidisha saa moja unalipa nini, vinywaji mnaruhusiwa kuja navyo au kila kreti ina ada yake, na kreti zikibaki zinarudi kwa kamati au zinalala stoo kwao. Mtu wa kamati ya vinywaji anayauliza haya hata ukimwamsha usiku wa manane. Bwana harusi yuko na mchumba wake pale, kapendeza, anataka aonekane mwanaume anaeweza, atauliza saa ngapi kuhusu kreti?

Na ofa angalieni zinaangukia miezi gani. Punguzo kubwa la kumbi na bustani utalikuta kwenye Machi na Aprili, na sababu iko wazi, ni Kwaresma na sisi Wakatoliki kwa kawaida hatufungishi ndoa kipindi hicho, ni masika, na miaka ya karibuni Ramadhani nayo imegusa hukohuko, kumbi ziko tupu. Ukilipia bustani ya Aprili kwa nusu bei umelipia na tope lake, labda kama wana hema la uhakika na pa kuegesha magari pasipozama. Desemba nako kama harusi ni Moshi msitegemee punguzo la mtu, wote tumerudi na kila ukumbi una sherehe. Kabla ya ofa yoyote tarehe ikubaliwe kwanza na paroko au mchungaji au shehe. Kwetu kanisani matangazo yanasomwa Jumapili tatu, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe siku 21 kabla. Mtu anakuja amelipia ukumbi tarehe ambayo parokiani kuna ndoa zingine nne, tunaanza kuombana radhi. Ningefurahi sana siku moja nikute banda la RITA, wale wasajili wa ndoa wa serikali, katikati ya mabanda ya shela, wakawaeleza vijana mambo ya taarifa na cheti cha ndoa, maana wapo wanaokaa miaka bila cheti mkononi na wanakuja kukihangaikia siku ya shida.

Kuna hili la namba za simu pia. Mlangoni unapewa fomu ya kuchezesha zawadi, jaza jina, simu, tarehe ya harusi, bajeti. Bajeti inakuhusu nini wewe mchezesha zawadi? Mwenye banda akishajua una milioni 20 atakupangia bei ya mwenye milioni 20. Na kuanzia kesho yake simu ya binti hailali, wapambaji, watu wa droni, watu wa matarumbeta, hata wauza viwanja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 tunayo, mtu anatakiwa aelezwe taarifa zake zinachukuliwa kwa kazi gani, waandaaji waifuate. Mabinti zangu nawaambia waandike jina na simu, sehemu ya bajeti wapitishe mstari.

Kwahiyo ninachoomba kwa waandaaji ni kimoja, na nakiomba kwa heshima. Kataza kupokea advansi ndani ya maonesho. Isiwepo kabisa, si ya mapambo, si ya ukumbi, si ya picha. Mwenye banda atoe profoma, yaani karatasi ya bei kabla ya malipo, yenye muhuri wake, imeandikwa kila kitu, meza ngapi, maua gani, saa ngapi mpaka saa ngapi, VAT imo au haimo, advansi inarudi kwa masharti gani, na bei hiyo isimame siku 14 ili mtu aipeleke kwenye kikao. Ofa ya maonesho iendelee kuwepo, ila ihesabiwe kwa tarehe ya profoma, atakaeileta ndani ya hizo siku apewe punguzo lake. Anaetaka kulipa akalipie ofisini, kwa mkataba wenye majina na sahihi, apewe risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Hakuna hasara hapo kwa mtu anaefanya kazi ya kweli.

Najua wenye mabanda watalalamika kwamba wamelipia nafasi na wanataka hela irudi siku hiyohiyo. Nawaelewa na nawaheshimu, wengi ni kina mama na mabinti waliojiajiri wenyewe, ameanza na vitambaa vya kukopa leo ana fundi wanne, na wao pia wanaumizwa, mteja anaahidi alafu anapotea na tarehe imeshashikwa. Ila wafikirie mteja wao ni nani. Maharusi wawili wanaoa mara moja. Kamati inarudi. Kwenye kikao kimoja cha harusi kuna watu wa kamati nyingine tatu nne, za ofisini, za jumuiya, za mtaani, na mpambaji akitajwa vizuri pale jina lake linatembea. Yule mama alibaki na milioni yetu. Ukoo wetu umefanya harusi zingine baada ya hapo, na kila mara kipengele cha mapambo kikifika hakuna aliyelitamka jina lake, na kazi anaijua.

FCC, Tume ya Ushindani, nao wasikae mbali. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imewapa kazi ya kumlinda mlaji asipotoshwe, na mtu akikwambia ofa ni ya leo tu, kesho ukimpigia ofa ni ileile, huko ni kumpotosha mlaji mchana kweupe. Afisa mmoja akipita mle ukumbini na kitambulisho chake kifuani, akasoma hizo karatasi ndogo zenye muhuri nyuma, mambo mengi yatanyooka siku hiyohiyo.

Wakati tunasubiri hayo, familia zenyewe zina la kufanya. Kijana akisema anaenda maonesho msimkatalie, kaeni kwanza hata watu watano tu sebuleni, wazazi, mwenyekiti mtarajiwa na mweka hazina, mkubaliane wageni kama wangapi na kila kipengele kisizidi kiasi gani, alafu mmoja wenu aende nao. Awe mtu anaependa kuuliza. Mwacheni binti aangalie shela na maua afurahi, ni siku yake, huyo mwingine aulize mambo ya VAT na jenereta. Mpiga picha msimkubali kwa albamu ya picha nzuri thelathini alizozichagua, mwambieni aoneshe harusi moja nzima tangu saluni mpaka watu wanapungiana mikono getini, na jina la atakaekuja kupiga liandikwe kwenye mkataba maana anaweza akaja kijana wa kujifunza. Na hela ya mwisho ya video isitoke mpaka video ifike, nawajua watu wana watoto wawili na albamu ya harusi bado wanaambiwa iko kwenye kueditiwa. Chakula mkionja kwenye banda kumbukeni amepikia watu ishirini, pilau la watu 300 ni kazi nyingine, muombeni awaambie Jumamosi ipi anapika wapi mkanuse hata kwa nyuma jikoni. MC msikilizeni anavyoongea na watu wazima. Ukimsikia hapo maonesho anawatania mama wakwe kwa maneno ya baa, ukumbini mbele ya wazee wenu atafanya vilevile.

Na simu yenye hela nendeni nayo hiyohiyo, ila namba ya siri aijue mama peke yake aliyebaki nyumbani. Nalisema hili kwa dhati kabisa, kwetu limetusaidia, binti akiambiwa nafasi ni ya mwisho anajibu ngoja nimpigie mama, na katika kumpigia mama ile haraka inapoa.

Waandaaji wanaosoma hapa nawaahidi kitu. Ukoo wetu una harusi Septemba hii, wageni 250, ukumbi tumeshapata na kanisa limeshakubali tarehe. Mpambaji, mpiga picha na mtu wa keki bado. Maonesho yatakayotangaza kwamba hakuna kulipa ndani na kila banda linatoa profoma, nitakuja na kamati yote, mwenyekiti na miwani yake, na tutapita banda moja baada ya jingine.

Asante Mhariri kwa nafasi.

Shangazi mweka hazina,
Tabata, Dar es Salaam